Picha Haisemi Umbali Mpaka Iulizwe

(Haya ni maelezo ya wiki kama yalivyosomwa redioni.)

Waswahili husema mwenye macho haambiwi tazama. Ni kweli. Lakini mwenye macho huyo huyo akipewa picha na kuulizwa kitu kilichomo kilikuwa umbali gani kutoka kwa mpiga picha, mara nyingi hubahatisha. Mmoja atasema mita kumi, mwenzake atasema mita hamsini, na wote wawili watakuwa tayari kula kiapo. Wiki hii ningependa tulizungumzie jambo hilo, na tulizungumzie tukiwa Katavi, maana huko kukosea umbali si mchezo wa barazani. Huko umbali ni uhai, ni shamba, na wakati mwingine ni fedha.

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, na makao yake makuu yako Mpanda. Ndani yake imo Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974 na kuongezwa mwaka 1998 hadi kufikia kilomita za mraba 4,471. Barabara itokayo Mpanda kwenda Sumbawanga hupita Sitalike na kukatiza ndani ya hifadhi hiyo. Kwa hiyo abiria wa basi, ambaye hakulipa shilingi ya utalii wala hakukusudia kuona mnyama, anaweza kuinua simu yake dirishani na kupiga picha ya tembo. Wakati wa kiangazi Mto Katuma hupungua maji, nao viboko hukusanyika kwa wingi katika madimbwi yaliyobaki. Picha za viboko hao waliobanana kama magunia ghalani zimeitangaza Katavi duniani kote.

Sasa, msikilizaji, tazama picha hizo kwa makini. Katika ile ya mtalii, kiboko amejaa ukurasa mzima, hata unahisi pumzi yake. Katika ile ya simu ya kijana aliyesimama kando ya mto, kiboko ni kitone cheusi kwenye tope. Je, nani alikuwa karibu zaidi? Wengi watasema mtalii. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu huenda wote wawili walisimama mahali pamoja.

Tuanze na mambo ya msingi. Nyoosha mkono wako mbele ya uso, simamisha kidole gumba, funga jicho moja. Kidole hicho kidogo kitaficha nyumba ya jirani, bati na ukuta wake. Hii haina maana kwamba kidole ni kikubwa kuliko nyumba. Maana yake ni kwamba kitu kidogo kilicho karibu na kitu kikubwa kilicho mbali vinaweza kuchukua nafasi ile ile machoni. Kamera haina ujuzi mwingine zaidi ya huo. Inapokea miale ya mwanga kupitia lenzi na kuilaza juu ya filamu, au juu ya kile kibati cha elektroniki kilicho badala ya filamu siku hizi. Ukubwa wa kitu kwenye picha unategemea mambo mawili kwa pamoja, yaani ukubwa wake halisi na umbali wake. Ukijua moja, la pili utalipata. Usipojua hata moja, picha itakaa kimya.

Hesabu yake ni ile ya pembetatu zinazofanana tuliyofundishwa shuleni tukadhani haitatusaidia maishani. Wapima ardhi wameitumia kwa miaka mingi. Mpimaji huchungulia katika darubini yake yenye nywele mbili ndogo zilizochorwa kwenye kioo, akatazama ule ubao wenye namba aushikao msaidizi wake kule mbali. Kipande cha ubao kinachoonekana kati ya nywele hizo kikiwa mita moja, ajua msaidizi yuko mita 100. Hakutembea wala hakuvuta kamba. Aliujua ubao wake na aliijua darubini yake, basi.

Kwa simu ya kawaida ya leo iko kanuni nyepesi ambayo kila mtu aweza kuikariri. Kamera kuu ya simu nyingi, ile inayofunguka yenyewe kabla hujagusa kitu, imetengenezwa hivi kwamba upande mfupi wa picha hufunika eneo ambalo urefu wake ni takriban sawa na umbali. Yaani, kwa kitu kilicho mita 30 kutoka kwako, upande mfupi wa picha unachukua mita 30 za dunia mahali kile kitu kilipo. Kwa kitu kilicho mita 100, unachukua mita 100. Ni sharti picha iwe katika lile umbo la kawaida la nne kwa tatu, isiwe imevutwa wala kukatwa. Kwa zile kamera za filamu tulizozizoea, zenye lenzi ya milimita 50, upande mfupi hufunika karibu nusu ya umbali.

Sasa tuitumie. Tembo dume aliyekomaa ana kimo cha kama mita 3 begani. Ukiona kwenye picha ya simu kwamba kimo chake ni sehemu moja ya kumi ya upande mfupi, basi upande huo ni mita 30, na tembo alikuwa kama mita 30 kutoka kwa mpiga picha. Kiboko ana kimo cha kama mita moja na nusu. Akiwa sehemu moja ya ishirini ya upande mfupi, naye pia yuko mita 30.

Hebu fikiri kiboko huyo wa mita 30 anavyoonekana kwenye kioo cha simu. Hazidi punje nono ya mchele. Kijana aliyeshika simu anaona punje ya mchele, anajisemea moyoni kuwa mnyama yuko mbali, na tena picha haitapendeza, basi asogee kidogo. Anasogea. Lakini kiboko hukimbia nchi kavu kwa kasi ya kama kilomita 30 kwa saa. Kasi hiyo ni zaidi ya mita 8 kwa sekunde. Mita 30 anazimaliza kabla hujahesabu hadi nne. Kwa kusogea mita kumi tu, kijana amejipunguzia theluthi nzima ya muda aliokuwa nao wa kujiokoa, naye punje ya mchele kwenye kioo imeongezeka kiasi ambacho hata hakukigundua.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninaloliomba kwa wazazi, walimu na vijana wa Mpanda, Sitalike na kwingineko ni hili: mnyama asipimwe kwa kioo cha simu. Kioo hicho husogeza vitu mbali. Mwenye kutaka picha nzuri na avute kwa lenzi, asivute kwa miguu. Na hapa pana mtego mwingine. Ndama wa tembo mwenye kimo cha mita moja na nusu, ukimdhania ni dume wa mita 3, utasema yuko mita 60 kumbe yuko mita 30. Na penye ndama, mama hayuko mbali.

Turudi kwa mtalii wetu. Yeye ana lenzi ndefu, tuseme ya milimita 400. Kwa umbali ule ule wa mita 30, upande mfupi wa picha yake unafunika chini ya mita 2 tu. Ndiyo maana kiboko amejaa ukurasa. Wote wawili walisimama mita 30, mmoja akapata punje ya mchele, mwingine akapata pua na masharubu. Hakuna aliyedanganya. Lakini msomaji wa gazeti asiyejua lenzi iliyotumika hawezi kusema lolote la uhakika kuhusu umbali.

Aidha, picha hukatwa. Mhariri akitaka ienee safu mbili atakata majani ya pembeni na anga la juu. Yule tembo aliyekuwa sehemu moja ya kumi, baada ya nusu ya picha kuondolewa kila upande, atakuwa sehemu moja ya tano. Ukitumia kanuni yetu utasema alikuwa mita 15. Umekosea kwa nusu nzima, wala si kwa ubaya wa hesabu. Ni kwa sababu ulipewa kipande ukadhani umepewa picha. Ndiyo maana mwenye shauri kuhusu picha hana budi kutafuta filamu yenyewe, au faili la asili kwenye simu. Faili hilo mara nyingi hubeba ndani yake maelezo ya lenzi iliyotumika, pamoja na siku na saa.

Ndugu msikilizaji, mpaka hapa tumezungumzia umbali kati ya kamera na kitu. Lakini ugomvi mwingi wa binadamu unahusu umbali kati ya kitu na kitu. Na katika bonde la Mto Katuma ugomvi huo una uzito. Maji ya mto huo huwanywesha viboko wa hifadhini, lakini kabla ya kufika huko hunywesha mashamba ya mpunga na bustani za watu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa pale zinapoweza kuharibu mazingira hayo. Mita 60 ni umbali mdogo. Ni kidogo zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Mtu aweza kushitakiwa kwa kuwa ndani yake, au kuachwa kwa kuwa nje yake, na ushahidi wa kwanza siku hizi huwa ni picha.

Basi tuseme pana nguzo mbili za kimo sawa. Moja iko ukingoni mwa mto, ya pili iko kwenye kibanda cha mkulima, mita 60 kamili nyuma ya ile ya kwanza. Mpiga picha wa kwanza anasimama mita 20 kutoka nguzo ya ukingoni. Nguzo ya pili iko mita 80 kutoka kwake, hivyo kwenye picha itaonekana robo tu ya ile ya kwanza. Kila atakayeitazama atasema kibanda kiko mbali sana na maji. Mpiga picha wa pili anapanda mwinuko ng'ambo ya mto, mita 300 kutoka nguzo ya ukingoni, akafunga lenzi ndefu. Sasa nguzo ya pili iko mita 360, na kimo chake kwenye picha ni sehemu tano kati ya sita za ile ya kwanza. Zinakaribia kulingana. Kila atakayeitazama atasema kibanda kimejengwa mtoni.

Mkulima ni yule yule, kibanda ni kile kile, hakuna aliyesogeza hata tofali. Kilichohama ni miguu ya mpiga picha. Wengi hudhani lenzi ndefu ndiyo inayobananisha vitu. La hasha. Lenzi huvuta tu. Kinachobananisha ni kusimama mbali. Kwa hiyo wale viboko wa Katuma kweli hukusanyika, jambo hilo halina ubishi, lakini wamebanana kiasi gani picha ya lenzi ndefu haiwezi kukuambia. Na yule mkulima hawezi kuhukumiwa, wala kusafishwa, kwa picha peke yake. Apelekewe kamba ya mita na watu wawili wa kuishika. Kazi hiyo haifiki dakika kumi.

Pengine utauliza: je, ikiwa kitu chenyewe sikijui kimo chake, hakuna njia? Ipo, pale ardhi inapokuwa tambarare na upeo wa macho unaonekana, kama kwenye mbuga ya Katisunga ndani ya hifadhi. Kwenye ardhi ya namna hiyo, mstari wa upeo hukata kila kitu kwa kimo kile kile cha kamera yako. Ukishika kamera kwa kimo cha mita moja na nusu, mstari huo utapita mita moja na nusu juu ya ardhi kwa tembo wa karibu na kwa twiga wa mbali vile vile. Basi pima kwa rula, kwenye picha ya simu, kutoka kwenye upeo hadi kwenye kwato za mnyama. Ikiwa ni sehemu moja ya ishirini ya upande mfupi, zidisha ishirini kwa mita moja na nusu, utapata mita 30. Kama ulisimama juu ya gari na kamera ikawa mita mbili na nusu kutoka ardhini, sehemu hiyo hiyo ya ishirini itakuwa mita 50. Njia zote mbili zikikupa jibu moja, unaweza kuliamini. Zikitofautiana, ujue kuna jambo hukulijua.

Wataalamu wanaohesabu wanyama wetu kutoka angani hutegemea pembetatu ile ile. Ndege ndogo huruka kwa mistari iliyopangwa, mita kama 100 hivi juu ya ardhi. Kwenye mhimili wa bawa hufungwa fimbo mbili, na mtazamaji huhesabu wale tu wanaoonekana kati ya fimbo hizo. Kimo cha ndege kikijulikana, upana wa ukanda wa ardhi ulio kati ya fimbo hujulikana pia. Kundi likiwa kubwa hupigwa picha likahesabiwa kwa utulivu baadaye. Rubani akipanda juu kwa sehemu moja ya kumi bila kuandikwa, ukanda nao umepanuka kwa sehemu moja ya kumi, na taifa litaambiwa lina wanyama zaidi ya walioko. Hali kadhalika kwa wahesabuo kutoka ardhini. Mtafiti Tim Caro, aliyefanya kazi Katavi tangu miaka ya 1990, alichapisha mwaka 1999 makadirio ya wingi wa wanyama ndani ya hifadhi na katika maeneo yanayoizunguka. Hesabu za aina hiyo hazisimami bila kujua eneo lililotazamwa ni kubwa kiasi gani. Ukiandika mita 100 palipo na mita 50, eneo limekuwa maradufu, na wanyama kwa kila kilomita wamekuwa nusu. Hakuna jangili aliyefyatua risasi, lakini nusu ya wanyama wamepotea kwenye karatasi.

Na tusimsahau mkulima anayepakana na hifadhi. Kanuni za mwaka 2011 kuhusu kifuta jasho na kifuta machozi zilihusisha malipo ya mazao yaliyoharibiwa na wanyama na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Maana yake, mtu aliyelala mahindi yake yakaliwa na tembo ataulizwa shamba lake liko umbali gani. Akileta picha inayoonyesha miti ya hifadhi nyuma ya mabua yaliyovunjika, miti hiyo inaweza kuonekana iko hatua chache tu, kumbe iko kilomita mbili. Picha yake mwenyewe itamsaliti. Ni heri kuzijua alama za mpaka na kupima tangu mapema, kabla tembo hajafika.

Tufanye nini basi? Nashauri kila picha inayoletwa kama ushahidi wa umbali iulizwe maswali matatu. Swali la kwanza: ni kitu gani ndani yake ambacho ukubwa wake halisi unajulikana? Swali la pili: ilipigwa kwa lenzi gani, na je, imekatwa? Swali la tatu: mpiga picha alisimama wapi? Picha isiyojibu maswali hayo ni shahidi wa kwamba kitu kilikuwepo. Si shahidi wa kilikuwa wapi.

Na kwa anayepiga picha ya jambo lenye ubishi, awe diwani, mgambo, mwandishi wa habari au mwenye shamba, kazi si ngumu. Simamisha mtu au fimbo ya mita moja pale pale kilipo kitu chenyewe, si mbele yake wala nyuma yake. Piga picha ya kwanza ya mbele na ya pili ya ubavuni. Andika mahali uliposimama. Usikate. Kitu kikiwa ni mnyama, fimbo iache nyumbani, na wewe kaa ndani ya gari.

Picha nyingi zinazotufikia mijini kutoka Katavi tunazitazama tukinywa chai, kisha tunatoa hukumu: wanakijiji wameingia hifadhini, wanyama wameisha, kijana yule alijitakia. Pengine ni kweli, pengine si kweli. Kabla ya kutamka, tushike rula.